Saa Moja Niliyoiongeza

Bi Saada alizikwa Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri. Mimi nilifika Biryogo, hapa Kigali, alasiri, matanga yameshaanza, kwa sababu asubuhi nzima nilikuwa Kinyinya nikisimamia mafundi waliokuwa wakimwaga zege kwenye nyumba yangu ya tatu. Nasema ya tatu bila haya. Niliondoka mji huu kijana mwenye mashati mawili, nikarudi na diploma, na yote niliyo nayo nimeyapata kwa kichwa changu na kwa mikono hii. Watu walinipa kiti cha mbele chini ya turubai, kama ninavyopewa siku hizi kila niendapo, na Mwajuma, binti mkubwa wa marehemu, akatuma neno kutoka upande wa wanawake kwamba Mzee Damasi aseme machache. Nikasema. Nimezoea kusimama mbele za watu na sauti yangu bado ina nguvu. Nikaeleza jinsi mama yule alivyonipokea mwaka 1992 nilipokuwa mpangaji wake, alivyonilisha, alivyoniamini. Wazee wakaitikia, vijana wakanitazama kwa heshima. Kesho yake asubuhi, nikinywa chai kwenye roshani yangu hapa Rebero, mahali ambapo enzi zile palikuwa na mikaratusi na mashamba ya mihogo tu, niligundua kwamba kila neno nililolisema pale lilikuwa kweli, na kwamba hata hivyo nilikuwa nimewadanganya wote. Chai ikapoa. Nikaenda kutafuta kalamu.

Chumba alichonipangisha kilikuwa nyuma ya nyumba, kikitazamana na jiko la nje. Kilikuwa na kitanda cha futi tatu, meza yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kigae, na msumari mmoja ukutani. Mtu mwingine angetundika koti lake pale. Mimi nilitundika diploma yangu ya forodha na usafirishaji, katika fremu ya kioo niliyoinunua Tanga kabla sijanunua hata sanduku la kusafiria. Niliipata kwa kusoma jioni, miaka minne, huku mchana nikihesabu magunia bandarini, na katika mtaa mzima wa Biryogo hapakuwa na nyingine. Bi Saada alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, fundi wa cherehani, na mashine yake ilikaa barazani tangu asubuhi hadi jua linapozama. Babu yake alikuja na wafanyabiashara kutoka pwani na akazikwa hapahapa. Mjukuu alirithi Kiswahili chake, kanga zake na namna yake ya kupika samaki wa ziwani kana kwamba ni changu wa baharini, lakini bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Jioni ya kwanza aliniletea isombe, ile mboga ya majani ya mihogo iliyotwangwa, na wali, akasimama mlangoni akiitazama ile fremu kwa muda. Akaniuliza kama karatasi ile inajua kusoma au ni mimi ninayejua. Nikamwambia sote wawili. Tangu siku hiyo akaniita Bwana Diploma, na alipokuwa na jambo la moyoni aliniita mwanangu.

Ofisi yetu ilikuwa mjini, juu ya duka la vitambaa. Kazi yetu ilikuwa kutoa mizigo ya wafanyabiashara bandarini na kuifikisha Kigali. Barabara ya kaskazini ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo kila kitu kilipita Tanzania na kuingia kwa mpaka wa Rusumo, na mtu aliyeijua pwani kama mimi alikuwa lulu. Ukutani palikuwa na saa mbili, moja ya Kigali na moja ya pwani, kwa sababu pwani wako mbele yetu kwa saa moja. Kabla sijafika, watu walikuwa wakipiga simu bandarini na kukuta wenzao wameshakwenda kula. Ni mimi niliyeweka desturi kwamba kila saa inayoandikwa kwenye jalada la mzigo iongezwe moja, iwe saa ya kule. Patroni wetu, mwenye ofisi, Mnyarwanda mnene aliyesoma Kifaransa na kujifunza Kiswahili kwa madereva, aliipenda sana. Akipita nyuma ya meza zetu huuliza swali lilelile: "Hii saa iko ya wapi, ya hapa ao ya kule?" Nami ndiye niliyejibu kwanza daima. Mwenzangu Faustini, aliyekuwa ofisini miaka sita kabla yangu na hakuwa na diploma yoyote, aliniita Kapteni wa Nyabugogo, kwa jina la ule mto wetu wa matope chini ya mji. Alisema bahari yote ninayoitawala inavukika kwa buti za mpira. Nilicheka na wengine, lakini wote tulijua kwamba patroni alikuwa akitafuta mkuu wa idara ya bandari, na kwamba atakuwa mmoja kati yetu wawili.

Mwajuma alikuwa ameolewa na dereva wa lori, kijana wa kaskazini ya Tanga, na alikuwa akiishi kwa wakweze katika kisiwa kidogo ambacho si kisiwa sawasawa. Maji yakijaa kimezungukwa, yakipwa unavuka kwa miguu juu ya mchanga na matope, karibu nusu saa ya mwendo, na mwisho wake, karibu na bara, kuna mkondo ambao haukauki kabisa. Mwaka uliotangulia Mwajuma alishikwa na uchungu wakati maji yamejaa. Mkunga alikuwa bara, mashua hazikuwepo, na mtoto hakupona. Sasa alikuwa na mimba ya pili, ya miezi minane kasoro. Bi Saada alikuwa ameapa kwamba huyu hatazaliwa nyuma ya maji. Alitaka kwenda mwenyewe kumtoa bintiye kule, amweke Tanga mjini karibu na hospitali, akae naye hadi ajifungue. Kilichomnyima usingizi hakikuwa safari, kwa sababu malori yetu yangemchukua. Lilikuwa neno la mama mkwe wa Mwajuma, Bi Mwanaisha, ambaye hakutaka mjukuu azaliwe kwingine. Miezi michache nyuma Bi Saada alimtuma kaka yake akamchukue Mwajuma, na kaka yule alikaa siku tatu kule, kila asubuhi akiambiwa kwamba leo maji hayaruhusu, akarudi mikono mitupu. "Wananifanyia ujanja wa maji," aliniambia, mkanda wa kupimia ukining'inia shingoni. "Wakitaka niondoke, maji yamepwa. Wakitaka nikae, maji yamejaa. Mwanangu, nataka karatasi yangu mwenyewe, nisiulize mtu."

Nakumbuka mchana ule kuliko mitihani yangu. Nilivuta kigoda karibu na cherehani nikamfundisha, na nilifundisha vizuri, hilo simruhusu mtu kulipinga. Nilimwambia kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika usiku na mchana, na kwamba yanafuata mwezi, si jua, ndiyo maana kila siku huchelewa, leo dakika arobaini, kesho hamsini. Alikata uzi kwa meno akasema bahari basi ni fundi wa Nyamirambo, kila siku kesho, kila kesho baadaye. Nikamweleza bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapojaa sana na kupwa sana hadi mchanga unaonekana mbali, na kwamba hizo ndizo siku za kuvuka. Na upande ule wa pwani, siku za bamvua, maji hupwa kabla ya adhuhuri. Aliuliza maswali mazuri kuliko ya wanafunzi wenzangu wa chuo. Aliuliza yanarudi kwa kasi gani. Nikamwambia mwanzo hurudi taratibu, kama mtu anayepita tu, kisha hukimbia. Kipo kitu kimoja ambacho sikumfundisha. Nilipohesabu mwezi niliona kwamba kaka yake alikwenda kule katika siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, wakati bahari haipwi vya kutosha mtu kuvuka kwa miguu. Bi Mwanaisha alikuwa amemwambia kweli siku zote tatu. Ningeweza kulisema kwa sentensi moja. Lakini Bi Saada alikuwa akinitazama kama mtu aliyepata silaha, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpa, na nilipenda kutazamwa vile.

Kitabu cha majira ya maji nilikuwa nacho ofisini. Hemedi, wakala wetu wa Tanga, alinitumia kwa ombi langu, kwa sababu kule meli hutia nanga mbali na mizigo huletwa kwa matishari, na tishari haliendi bila kuuliza maji. Nilikaa wakati wa chakula cha mchana nikamwandikia Bi Saada siku kumi za bamvua, kwa wino mweusi, na mistari niliyoipiga kwa rula. Kila siku niliandika saa ya maji kupwa na ya maji kujaa, saa ya kwanza ya kuvuka na saa ya mwisho, kwa Kiswahili, saa nne, saa tano, si kwa hesabu ya Wazungu iliyomo kitabuni. Nikaweka kaboni chini ili nibaki na nakala. Faustini alipita akauliza kama kapteni anachora ramani ya Nyabugogo. Nilimjibu kwamba wapo watu wanaohitaji elimu na wapo wanaohitaji vichekesho. Jioni nilimkabidhi Bi Saada karatasi mbele ya binti yake mdogo, Zaituni, na majirani wawili waliokuja kuchukua nguo zao. Aliikunja mara nne, akaishonea mfuko wa kitambaa ndani ya gauni lake, kwa sindano ya mkono, pale pale, huku akiniombea dua. Siku ya pili akapanda lori la Rusumo. Kwenye barua aliyoituma kwa mkono wa dereva baada ya siku saba alisema amefika, Mwajuma ni mzima, wakweze wana maneno mengi, na wataondoka Alhamisi, siku ya katikati ya karatasi, maana ndiyo siku ambayo maji yanapwa sana.

Barua ile ilifika Jumanne. Jumatano, kabla ya saa saba mchana, Hemedi alipiga simu ofisini. Laini za Tanga ziliombwa kwa operata na zilikuja zikitaka, kwa hiyo simu ikiingia watu wote walinyamaza. Patroni alikuwa amesimama dirishani, Faustini mezani kwake, nami nikashika mkono wa simu. Hemedi alitaka kuniambia kwamba matishari yenye saruji yetu yataingia leo maji yakijaa, saa kumi na dakika kumi. Nilikuwa na nakala yangu ya kaboni chini ya kioo cha meza, kwa kujifurahisha tu, niwe ninajua Bi Saada yuko wapi na bahari yake. Nikaitazama. Nilikuwa nimeandika saa kumi na moja na dakika kumi. Nikamuuliza Hemedi kama ana hakika. Akacheka, akasema, Bwana Damasi, kitabu changu na chako si ni kimoja? Hapo nikaona. Kitabu kile kimechapwa pwani kwa saa za pwani. Hakikuhitaji kuongezwa kitu. Lakini mkono wangu, uliozoea mwaka mzima kuongeza saa moja kila jambo la kule, ulikuwa umeongeza, mstari kwa mstari, siku zote kumi, kwa wino mweusi. Alhamisi maji yangepwa saa nne na dakika arobaini, na mimi nilikuwa nimemwandikia saa tano na dakika arobaini. Saa ya mwisho ya kuvuka niliyompa ilikuwa saa saba na dakika kumi, wakati ambapo bahari imeshaanza kukimbia.

Nataka niandike hili polepole, kwa sababu nimelikimbia kwa miaka zaidi ya thelathini. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Hemedi alikuwa upande wa pili, mtu mwenye pikipiki, na njia ya kutoka Tanga hadi pale pa kuvukia ni saa moja na nusu. Kulikuwa na mchana mzima mbele yetu. Sentensi iliyohitajika haikuwa ndefu: nenda kamwambie Bi Saada atoe saa moja kila mahali. Patroni aligeuka kutoka dirishani akauliza, "Iko nini?" na Faustini akaacha kuandika. Nikaona jinsi itakavyokuwa. Mtu wa saa mbili ukutani, aliyefundisha ofisi nzima kuongeza saa, ameshindwa kujua wapi haiongezwi. Nikaona kiti cha mkuu wa idara kikisogea upande wa Faustini. Hemedi akaniuliza kama kuna jambo jingine. Nikamwambia hakuna, asante. Nikasikia laini ikikatika, ule mlio kama wa kokoto. Nikamwambia patroni kwamba saruji itaingia saa kumi na dakika kumi. Akauliza ni saa ya wapi. "Ya kule," nikasema, na alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Jioni ile Zaituni alipika maharagwe na ndizi, akanikaribisha nile barazani kando ya cherehani ya mama yake, iliyofunikwa kanga. Jua lilikuwa bado halijatua. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa mwenye ulimi mwepesi, na jioni ile ulimi wake haukutulia. Aliniambia majirani wanauliza kama nitaweza kuwaandikia na wao karatasi za mvua. Akaniambia mama yake, usiku wa kuamkia safari, alimwamsha ili amsomee ile karatasi tena na tena hadi akaijua kwa moyo, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo, na kwamba alikuwa akiitaja kama mtu anayetaja aya: Alhamisi, saa tano na dakika arobaini. Nilitafuna ndizi isiyokuwa na ladha. Ndani yangu nilikuwa na wakili mwenye maneno mazuri. Alisema kule kuna watu waliozaliwa majini, hawatamwacha mgeni azame. Alisema bahari inaonekana kwa macho, haihitaji karatasi. Lakini kila alipomaliza hoja yake nilikumbuka kwamba karatasi ile niliitengeneza ili Bi Saada asiwasikilize watu hao. Zaituni akaniuliza kama chakula hakina chumvi. Nikamwambia kina chumvi ya kutosha.

Alhamisi nilifika ofisini saa moja asubuhi, kabla ya mfagiaji. Patroni alipokuja nilimfuata hata kabla hajavua koti, na Faustini nyuma yake, nikasema mbele ya wote wawili kwamba nimekosea, nimeongeza saa mahali pasipoongezwa, na kwamba wanawake wawili, mmoja mjamzito, watavuka maji leo kwa hesabu yangu mbovu, naomba laini ya Tanga. Patroni alichukua simu mwenyewe akamwita operata kwa Kifaransa, kwa jina lake na la baba yake, akamwambia hii si biashara. Faustini, ambaye nilimtegemea acheke, alikwenda akasimama karibu na saa ya pwani kana kwamba anaweza kuizuia kwa macho. Laini ilikuja saa tatu na nusu, yaani saa nne na nusu kule. Hemedi alisikiliza, akauliza jambo moja tu, mama yule anavaa kanga ya rangi gani, akaweka simu chini. Hata akienda mbio, angefika saa sita ya kule. Tulikaa. Nakumbuka harufu ya vitambaa vipya kutoka duka la chini, na patroni akila karanga moja moja bila kutazama.

Habari ilikuja Ijumaa, na mengine nilisimuliwa baadaye. Asubuhi ya Alhamisi, saa tatu na nusu, Bi Mwanaisha alimwambia mgeni wake kwamba kama wanakwenda na waende sasa, maji hayangoji mtu. Bi Saada alitabasamu akasema ana saa yake. Mzee wa nyumba alikuja kumwambia vilevile, naye akaona wanamharakisha ili avuke vibaya, aogope, arudi. Alingoja hadi saa yangu itimie. Wakaagana, wakaondoka kama saa sita, mchanga ukiwa bado unaonekana mbali, na mtu asiyeijua bahari angeapa kwamba ni nchi kavu. Mwajuma alikwenda polepole kwa uzito wake. Walipofika kwenye mkondo wa mwisho maji yalikuwa kiunoni, na katikati yake yakawa kifuani na yanavuta. Bi Saada alipiga kelele, ndiyo mara pekee katika maisha yake, aliniambia. Aliyekuja alikuwa Bi Mwanaisha. Alikuwa amewafuata kwa mbali tangu kisiwani, amejifunga kanga mbili kiunoni, kwa sababu alijua. Alimshika Mwajuma kwapani, akamweka upande wa juu wa mkondo, akamvusha huku akiwatukana wote wawili bila kupumzika, kisha akarudi kumchukua Bi Saada. Furushi la nguo za mtoto, alizozishona Bi Saada miezi mitatu katika baraza ile, lilikwenda na maji. Hemedi alipofika, saa saba, aliwakuta wanawake watatu wameketi ufukweni wakikamua kanga zao, hawasemezani. Akatoa ujumbe wangu. Bi Mwanaisha akauliza huyo anayejua bahari kutoka Kigali ni nani.

Ofisini patroni alitukusanya sote Jumatatu yake. Alisema amefanya kazi na watu wengi wenye vyeti, na wote alipowakuta na kosa walimtafutia mwingine wa kulibeba. Alisema mtu anayekuja mwenyewe, kabla hajaulizwa, mbele ya mwenzake anayeshindana naye, huyo ndiye atakayempa bandari. Nikapewa idara. Faustini alinipa mkono akasema, hongera Kapteni, na safari hii hakutaja Nyabugogo. Maneno ya patroni nimeyasimulia mara nyingi, kwenye harusi, kwenye semina, kwa watoto wangu waliosoma nje, na kila ninapoyasimulia watu hujifunza kitu. Nyumba hii ya Rebero ina msingi wake pale.

Bi Saada alirudi baada ya miezi miwili. Mtoto alizaliwa Tanga hospitalini, wa kiume, mzima, na aliyempa jina alikuwa Bi Mwanaisha. Alikuwa amekonda, na uso wake ulikuwa umeungua kwa jua na chumvi. Siku ya kwanza alipumzika. Siku ya pili alifunua cherehani, akaitia mafuta, kisha akaniita mezani. Alikuwa amepika pilau. Alinipakulia kabla ya kujipakulia, akaketi, hakula. Nilianza kumwomba radhi, nilikuwa nimeandaa maneno, na alininyamazisha kwa mkono. Alisema kukosea ni kwa kila mtu, yeye mwenyewe ameshawahi kukata suruali ya bwana harusi mguu mmoja mfupi. Alisema aliyekosea zaidi ni yeye, aliyeiamini karatasi kuliko mtu aliyesimama mbele yake, na kwamba Bi Mwanaisha amemsamehe, kwa masharti. Hapo alitabasamu kidogo. Halafu akanitazama kama alivyonitazama siku ile ya kigoda.

"Nataka jambo moja tu, mwanangu. Ulijua lini?"

Mvuke wa pilau ulikuwa ukipanda kati yetu. Zaituni alikuwa mlangoni na jagi la maji ya kunawa.

"Alhamisi," nikasema. "Asubuhi, nilipofika ofisini."

Alikuwa kama anayehesabu: laini, pikipiki, njia. Kisha uso wake ukalegea.

"Basi ulikimbia kutuwahi," akasema. "Hukuwa na zaidi ya kufanya. Kula, mwanangu."

Nikala. Na tangu siku ile hakuna karatasi iliyoingia nyumba ile bila kupita mikononi mwangu. Mauaji ya Aprili 1994 yalinikuta Tanga kwa kazi ya ofisi, ndiyo sababu niko hai ninaandika leo. Faustini hakupona. Ua wa Bi Saada ulificha watu, na aliwalisha wote bila kuuliza wanatoka wapi, na baada ya hapo aliniletea fomu zao, barua zao, kesi za ardhi zao, akiwaambia wampe Damasi asome, Damasi hafichi kitu. Nilizisoma zote, kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia katika kazi ya mshahara, na sikuwahi tena kukosea hata saa. Kila mara alipokuwa akinishukuru nilifungua mdomo kusema, na kila mara niliona akiwa amekwisha kugeukia mashine yake. Nilijiambia ipo siku. Sasa amelala Nyamirambo, na watoto wake wanadhani nilikimbia kuwawahi.

Ilikuwa Jumatano, Bi Saada. Haijafika saa saba mchana, kwa saa ya hapa. Simu ilikuwa mkononi mwangu, na Hemedi aliniuliza kama kuna jambo jingine.